Kupima nguvu ya mitishamba: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Mwanza

Maswali haya yametoka kwa wasindikaji wadogo, wauza mitishamba na wateja wao: wa Mlango Mmoja, Kirumba, Igoma, Sengerema, mpaka wanaovuka na pantoni kutoka Ukerewe wakiwa na mfuko wa rambo mkononi. Majibu ni ya mchambuzi mmoja wa maabara, kwa hiyo pale utakapoona maoni, ujue ni yangu. Kila swali lina namba, ili jambo lililokwisha elezwa lisielezwe tena.

## Mambo ya mwanzo

1. "Kiambato amilifu" ndiyo nini?

Wateja wetu husema "nguvu ya dawa", na hawako mbali na ukweli. Mmea mmoja una kemikali kwa mamia. Kiambato amilifu ni ile ambayo kuna ushahidi kwamba ndiyo inayofanya kazi mwilini. Kwenye manjano hutajwa kurkumini, kwenye tangawizi jinjeroli, kwenye kitunguu saumu alisini, kwenye habati soda thaimokwinoni.

Miti mingi ya huku kwetu bado haijachunguzwa kiasi cha kujua ni kemikali ipi inayofanya kazi. Hapo maabara huchagua kemikali ya alama, yaani ile ambayo ipo siku zote kwenye mmea huo na inapimika vizuri, hata kama siyo inayotibu. Ni kama chapa ya ng'ombe. Chapa haitoi maziwa, lakini ukiiona unajua ng'ombe ametoka zizi gani.

2. Babu zetu hawakupima. Sisi tunapima kwa nini?

Babu alipima sana, ila hakutumia mashine. Alijua mti wenyewe ulipo, alijua mwezi wa kuchimba, alionja, alinusa, na mgonjwa alikuwa jirani yake. Kesho yake alipita kumjulia hali. Kopo lako wewe linakwenda Kahama au Dodoma kwa mtu usiyemjua, na pengine atalifungua baada ya miezi minane. Hakuna atakayepita asubuhi kumwuliza ameamkaje.

3. Maabara ikisema kiambato kipo, ina maana dawa yangu inatibu?

Hapana. Hili ndilo swali ninalolijibu mara nyingi kuliko yote, na ndilo ambalo watu hawapendi jibu lake.

Maabara ya kemia inajibu: kipo au hakipo, na ni kiasi gani. Kama kinaingia kwenye damu, kama kinatibu, kwa dozi gani na kwa nani, hayo yanajibiwa na utafiti kwa binadamu. Kurkumini ni mfano mzuri. Ipo tele kwenye manjano lakini hupenya utumbo kwa shida sana, ndiyo maana makopo mengi huongezewa piperini ya pilipili manga ili isaidie kupenya. Kopo linaweza kuwa na kurkumini yote iliyoandikwa kwenye lebo, na nyingi ikaishia chooni.

Wakati wa kikombe cha Loliondo mwaka 2011, ile dawa ya mti iliyotolewa na mchungaji mmoja, mabasi yalijaa watu wa Kanda ya Ziwa, na mjadala vijiweni ulichanganya mambo mawili: je, kina sumu, na je, kinatibu? Ukipata jibu la moja hujapata la pili. Kabla hujaleta sampuli, kaa chini uandike swali lako kwa sentensi moja. Anayekuja na "nipimieni tu" hurudi na karatasi yenye namba asizojua pa kuzipeleka.

## Sampuli

4. Nilete kiasi gani?

Kama ni vidonge au kapsuli, leta makopo matatu ambayo hayajafunguliwa, yote ya toleo moja, yaani yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Huwa tunachanganya kapsuli zisizopungua 20 ili tupate wastani, kwa sababu kapsuli moja moja hutofautiana uzito, hasa zikijazwa kwa mkono.

Kama ni unga uliojaa gunia, usichote juu juu. Chota juu, katikati na chini, kutoka kila gunia. Mwaga ulichochota kwenye turubai safi, kifanye kichuguu, kibonyeze kilale, kigawe robo nne kama chapati. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia tena mpaka zibaki gramu 200 hivi. Ni kazi ya nusu saa. Ukiiruka, tutakachopima ni kiganja chako, na gunia litabaki halijapimwa.

5. Tunaanika mchangani karibu na dagaa. Kuna ubaya?

Upo, tena mara tatu.

Kwanza mchanga. Tunachoma unga wako kwenye tanuru mpaka uwe majivu, kisha tunayapika majivu hayo kwenye asidi ya haidrokloriki. Madini ya mmea huyeyuka. Kinachobaki kwenye chujio ni mchanga, na tunaupima uzito. Kuna siku nilimwonyesha mama mmoja chujio lake kwa lenzi, chembe zinang'aa kama za ufukweni. Akacheka, akasema, "Kumbe nauza na ziwa."

Pili kunguru, kuku na nzi. Wanaofuata dagaa hupitia kwenye majani yako pia (tazama swali la 16). Tatu jua lenyewe. Majani hupoteza rangi, na kurkumini ikikaa kwenye mwanga huvunjika. Anika kwenye chanja iliyoinuliwa, chini ya kivuli chenye upepo. Upepo wa ziwani haulipiwi.

6. Mzigo wa masika na wa kiangazi umetoa namba tofauti. Mmekosea?

Inawezekana tumekosea, lakini kwanza tuulaumu mmea. Mvua, umri wa mzizi, udongo, mwezi wa kuvuna, vyote hubadilisha kiasi cha kemikali. Ndiyo sababu kila toleo hupimwa peke yake. Viwanda vikubwa hukwepa tatizo hili kwa kuchanganya mizigo mpaka namba ifike pale wanapotaka, na hata wewe unaweza kufanya hivyo ukiwa na magunia mawili na majibu mawili.

7. Unga wangu umeshasagwa. Nilete mmea mzima wa nini?

Kwa sababu ya majina. Jina moja la mti kwa Kisukuma linaweza kuwa la mti mwingine kwa Kikerewe au Kijita, na hata kati ya Magu na Sengerema wazee hubishana. Leta tawi lenye majani, na maua au matunda kama ni msimu wake, likiwa limebanwa kwenye gazeti. Mtaalamu wa mimea akishalitaja kwa jina la kisayansi, tunajua tutafute kemikali gani. Unga mtupu tunaweza kuutazama kwa darubini tukaona vinyweleo na chembe za wanga, lakini hiyo ni kazi ya kubahatisha zaidi.

## Ndani ya maabara

8. Hiyo mashine ya HPLC inafanyaje kazi?

Anza na jina. Herufi C ya HPLC ni kromatografia, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, neno lenye asili ya Kigiriki: rangi na kuandika. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alimimina rangi za majani, zilizoyeyushwa kwenye kimiminika, juu ya bomba la kioo lililojaa unga wa chaki. Rangi zikashuka kwa mwendo tofauti, zikajipanga kwa mistari ya kijani na njano. HPLC ni wazo lilelile, ila bomba ni la chuma, fupi kuliko mkono wako, limejaa vichembe vya silika vya mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kimiminika kinasukumwa kwa mgandamizo wa bari mia moja na zaidi. Tairi la gari dogo lina bari mbili na kitu.

Tufuate kapsuli zako za manjano. Tunazimwaga, tunachanganya unga, tunapima gramu 0.5 kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, ambayo mlango ukifunguliwa tu namba inacheza. Tunaweka methanoli mpaka mililita 50, tunatikisa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, tunachuja kwenye tundu za mikroni 0.45, kisha tunazimua mara 10. Vichupa ni vya kahawia kwa ajili ya ile shida ya mwanga. Mashine inachukua mikrolita 10, yaani tone dogo kuliko la machozi, inalisukuma ndani ya bomba. Upande wa pili kuna taa ya nanomita 425, rangi ambayo kurkumini huimeza. Kila kemikali ikipita, mstari kwenye kompyuta unapanda na kushuka. Hicho ndicho kilele. Manjano halisi huonyesha vilele vitatu vilivyokaa jirani, kurkumini na ndugu zake wawili. Ukiona kimoja tu kimesimama peke yake, anza kujiuliza.

Halafu hesabu. Tuseme vilele, vikilinganishwa na kemikali rejea (swali la 12), vinatoa miligramu 0.03 kwa mililita. Zidisha kwa 10 uliyozimua: 0.3. Zidisha kwa mililita 50: miligramu 15. Zimetoka kwenye miligramu 500 za unga, kwa hiyo ni asilimia 3. Tunarudia mara tatu. Umeme ukikatika katikati ya mlolongo, tunaanza upya, na ndiyo maana nikikuambia "kesho" ujue ni keshokutwa.

9. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho?

Kipo: kromatografia ya tabaka jembamba. Tunadondosha tone la dawa yako na tone la mmea halali kwenye kibao chenye utando wa silika, tunakisimamisha kwenye chupa yenye kimiminika kidogo, kinapanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Madoa ya pande zote mbili yakilingana kwa kimo na rangi, mmea wako huenda ni wenyewe. Kwa mjasiriamali anayeanza napenda kuanzia hapa. Hakisemi kiasi kwa uhakika, lakini kinakamata uongo mwingi.

10. Mimi nachemsha kwa maji. Mbona nyinyi mnatumia methanoli?

Kwa sababu tunataka kujua kilichomo chote, na maji hayatoi chote. Kurkumini karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Chai yako ya manjano ni ya njano kwa sababu vumbi linaelea. Ukitaka kujua mnywaji anapata nini, agiza tupime chai yenyewe, jinsi unavyoipika. Hivyo ni vipimo viwili, na namba zake hazitafanana.

Nikiri kosa langu hapa. Miaka ya mwanzo niliwahi kupima unga wa kitunguu saumu kwa kuutia methanoli moja kwa moja, nikaandika kwamba alisini haipo. Mwenye mali alilalamika, na alikuwa na haki. Alisini haipo ndani ya kitunguu kizima. Kuna alini na kuna kimeng'enya, vimekaa vyumba tofauti, na hukutana pale kitunguu kinapopondwa. Unga uliokaushwa vizuri huvitunza vyote viwili, na maji yakiingia kazi inaanza. Mimi kwa methanoli yangu nilikiua kimeng'enya kabla hakijafanya lolote. Tangu siku ile, saumu naitia maji kwanza, nasubiri dakika kadhaa, ndipo napima. Kwa sababu hiyohiyo, saumu iliyokaushwa kwa moto mkali huja hapa haina kitu.

11. Kipimo cha vinasaba je? Si ndicho cha kisasa?

Kinafaa kwa unga mbichi wa mmea. Kwa dondoo iliyochujwa na kupikwa, vinasaba huwa vimekatikakatika au vimebaki kwenye makapi. Mwaka 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Marekani, alitumia vinasaba kudai kwamba virutubisho vingi madukani havina mmea ulioandikwa, na wanasayansi wengi wakapinga kwa hoja hiyo. Tena vinasaba havisemi kiasi: jani na mzizi wa mti mmoja vina vinasaba vilevile, kemikali zikatofautiana kama mbingu na ardhi.

12. Kwa nini bei iko juu?

Kinachokula hela ni kemikali rejea. Ili niseme kilele hiki ni thaimokwinoni, lazima niwe na thaimokwinoni safi yenye cheti, na huuzwa kwa miligramu kutoka nje ya nchi. Ongeza methanoli ya daraja la juu na bomba linalochakaa. Ushauri: jiungeni watatu au wanne wenye bidhaa ya mmea mmoja, mlete siku moja. Kemikali rejea ikishaandaliwa, sampuli ya pili haina gharama ya ile ya kwanza.

## Kusoma majibu

13. Nimepima maabara mbili, majibu mawili. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Tazama mambo matatu kwenye karatasi.

La kwanza, unyevu. Asilimia 3 kwa uzito mkavu, kwenye unga wenye maji asilimia 12, ni asilimia 2.64 kwa unga ulivyo. Unga ni uleule. La pili, njia. Maabara moja inaweza kuwa imetumia HPLC na nyingine kipimo cha rangi tu, kile kinachojumlisha "polifenoli zote", kundi kubwa la kemikali za mimea. Kipimo cha rangi kinadanganyika: ukitia vitamini C kwenye bidhaa, nacho kinaihesabu kuwa polifenoli. Huwa kinatoa namba kubwa, na namba kubwa ndizo zinazopendwa kwenye lebo. La tatu, kiasi cha wasiwasi, ile "±" watu wanayoiruka. 3.0 ± 0.2 na 2.9 ± 0.2 ni jibu moja.

Uliza pia kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho. Maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa tu na nembo ikaonekana kwenye kila karatasi.

14. Lebo inasema "kurkumini 95%". Kopo lenyewe ni la unga wa manjano. Inawezekana?

Haiwezekani. Unga wa manjano uliosagwa tu huwa na asilimia chache za kurkumini, kama ule wa swali la 8. Asilimia 95 ni ya dondoo iliyosafishwa kiwandani. Mara nyingi ndani kuna dondoo kidogo iliyotiwa kwenye unga mwingi, na lebo ikasema kuhusu ile dondoo tu. Tafuta miligramu kwa kila kapsuli. Asilimia bila miligramu ni pambo.

15. Nina cheti cha mwaka juzi. Bado kinafaa?

Ni cha toleo lile, siku ile. Kwa kopo la leo hakisemi kitu. Kama unataka kuandika tarehe ya mwisho wa matumizi bila kubahatisha, kuna kipimo cha uthabiti: kopo linawekwa kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, tunapima mara kwa mara tuone kiambato kinashukaje. Wengi huandika "miaka miwili" kwa sababu jirani ameandika hivyo.

## Uchafu, sumu na uchakachuaji

16. Kuna haja ya kupima bakteria na ukungu kama dawa inachemshwa?

Ipo. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, lakini sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Tuliiona kwenye mahindi mwaka 2016 Dodoma na Manyara, watu walikufa. Tangawizi na manjano nayo hushika ukungu yakihifadhiwa na unyevu. Salmonela haitakiwi kuonekana kabisa kwenye gramu 25. Na wateja wako, usidanganyike, nusu yao hawachemshi. Wanakoroga kwenye uji.

17. Metali nzito zinaingiaje kwenye mmea?

Kwa udongo, kwa maji na kwa mikono ya watu. Huku kwetu naanza na zebaki, kwa sababu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na kwingineko huitumia kukamatia dhahabu, na mabaki huingia kwenye udongo na vijito. Usichimbe mizizi karibu na mialo ya kuchenjulia. Risasi nayo ina njia yake: huko Asia Kusini imewahi kugundulika kwamba manjano hupakwa kromati ya risasi ili yang'ae. Shirika la Afya Duniani limependekeza risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo ya mmea mkavu, na kadimiamu isizidi 0.3.

18. Dawa ya nguvu za kiume niliyonunua inafanya kazi ndani ya nusu saa. Si ndiyo dalili ya ubora?

Ni dalili ya kuileta maabara. Duniani kote bidhaa za aina hii zimekutwa na sildenafili, dawa ya hospitali, imefichwa ndani ya unga wa mizizi. Mtu anayemeza dawa za moyo za kundi la naitreti akichanganya nayo, presha inaweza kuporomoka akafa. Chai za kupunguza unene zimekutwa na sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo. Za maumivu ya viungo, deksamethasoni. Za sukari, glibenklamidi.

Mwenye duka mara nyingi hajui. Amenunua unga wa jumla na "unafanya kazi kweli". Kipimo hiki kinahitaji mashine inayopima uzito wa molekuli, kwa sababu wachakachuaji hubadilisha molekuli kidogo ili wasinaswe. Kanuni yangu ya mtaani: mitishamba inayofanya kazi kwa kasi ya kidonge, huenda ni kidonge.

19. Kuna kitu naweza kupima nyumbani?

Vidogo. Dondosha maji ya magadi kwenye manjano: yakigeuka mekundu ya udongo, kurkumini ipo, ingawa hujui kiasi. Chai ya choya ikitiwa limau inazidi wekundu, ikitiwa magadi inageuka bluu au kijani. Rangi ya kiwandani mara nyingi haifanyi mchezo huo. Ile ya kutia iodini kwenye manjano kutafuta unga wa mahindi achana nayo, manjano yenyewe yana wanga.

## Vibali

20. Nikiwa na cheti cha uchambuzi, naruhusiwa kuuza?

Hapana. Cheti kinasema tulichokikuta. Ruhusa hutolewa na mamlaka, na inategemea umeandika nini kwenye lebo. Mwaka 2019 TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka kuwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, masuala ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango. Ukiandika "hutibu kisukari", umejitangaza kuwa unauza dawa, na utaulizwa maswali ya dawa. Waganga na dawa zao za asili wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002.

21. Hapa Mwanza niende wapi, nisisafiri mpaka Dar?

TMDA na Mkemia Mkuu wa Serikali wana ofisi za Kanda ya Ziwa hapa mjini, na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia wanaoanza kusindika na kufungasha. Piga simu kwanza, uliza kwa jina la kipimo ("mnapima kurkumini kwa HPLC?"), maana si kila mashine ipo kila mji. Kwa mimea isiyozoeleka, Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili imekuwa kwenye kazi hii tangu 1974, na sampuli kavu husafiri vizuri kwa basi.

## Visa vigumu

22. Dawa yangu ina miti 14. Mtapimaje?

Kwa shida. Vilele vya miti 14 hupandana kama paa za mabati za Mabatini. Tunachopendekeza ni kupima kila mti peke yake kabla hujachanganya, kuchagua alama mbili au tatu zisizogongana, na kufuata hizo kwenye mchanganyiko. Na ruhusa niulize: yote 14 yana kazi? Mzee mmoja, baada ya kufikiri sana, alikiri kwamba mitano ni ya kupoteza maboya ili wasaidizi wake wasijue mti wenyewe.

23. Mtaiba siri yangu?

Vilele havionyeshi mapishi: wala vipimo, wala muda wa moto, wala nani alikufundisha. Lakini woga wako nauelewa, kwa sababu wapo wazee waliotoa maarifa wakaishia kupigwa picha tu. Dai mkataba wa usiri kabla ya kukabidhi sampuli, wenye sahihi za pande zote mbili, na uandike ndani yake kama maabara inaruhusiwa kuchapisha matokeo. Maabara ikikataa kusaini, rudi na mfuko wako.

24. Ziwa linajaa kijani kila mwaka. Naweza kukikausha niuze kama spirulina?

Usithubutu. Spirulina, kijani cha majini kinacholiwa, huota kwenye maji ya magadi, na heroe wanaoila Ziwa Natron ni mashahidi. Ule utando wa kijani unaouona Ghuba ya Mwanza mara nyingi ni mikrosistisi, ndugu yake mwenye sumu ya ini, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Kwa maji ya kunywa, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 1 kwa lita. Kwa macho, unga wa kijani hiki na kile hutautofautisha, hata mimi siwezi bila darubini. Hata spirulina iliyofugwa kwenye bwawa safi hupimwa sumu hii, kwa sababu mgeni mmoja akiingia bwawani huzaana.

25. Chai ya artemisia ina artemisinini. Basi si dawa ya malaria?

Kemikali ni ile ile iliyompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tatizo ni dozi. Majani hutofautiana (swali la 6), artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji (swali la 10), na kikombe cha leo si cha kesho. Dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea, na huvifundisha vimelea kuizoea dawa tunayoitegemea wote. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe.

26. Mimi ni mteja tu, nina kopo moja na limeshafunguliwa. Mtanipimia?

Tunaweza, ila karatasi itaandikwa "sampuli kama ilivyopokelewa", na haitakusaidia kumshtaki mtu, kwa sababu kopo lililofunguliwa lingeweza kutiwa chochote njiani. Kama umedhurika, usianzie kwetu. Nenda hospitali ukiwa na kopo lenyewe, kisha toa taarifa TMDA. Usiondoe lebo, usihamishie dawa kwenye chupa nyingine, na tunza risiti hata kama imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kipande cha boksi.